Kituo cha Saba Kinajibu

Asubuhi kituo cha Saba kiliponijibu, redio yake ilikuwa ndani ya kasha la mbao chini ya meza yangu. Miguu yangu ilikuwa juu ya kasha hilo.

Naanza na hapo kwa sababu ninyi wenzangu wa studio mmeniuliza mara nyingi kwa nini sikukubali kusoma tangazo la kifo kabla ya kuongea na mtu aliyeuona mwili kwa macho yake. Mlidhani ni ukaidi wa mama mtu mzima. Sasa nimestaafu, asubuhi zangu ni ndefu, na hakuna anayenionyesha saa ukutani nimalize haraka. Nitaeleza kwa mpangilio.

Nilisoma shule ya msingi upande wa Ngulyati, darasa moja na Mabula, mtoto wa mzee Ndaki. Nyumbani tuliongea Kisukuma, shuleni Kiswahili, na aliyeteleza alivishwa kibao shingoni mpaka amnase mwingine aliyeteleza. Mabula alikivaa kuliko sisi wote. Asubuhi moja alifika amechelewa, mwalimu akiwa katikati ya hesabu, akasimama mlangoni na kusema, "Mwadila."

Kwetu salamu ya asubuhi ni mwangaluka. Mwadila ni ya jua lililokwisha kupinduka. Darasa lilicheka mpaka vumbi likatimka.

"Wewe, kwani sasa hivi ni saa ngapi?" mwalimu aliuliza.

"Kwangu ni mchana, mwalimu. Nimeamka na ng'ombe, nimewanywesha, nimerudi. Ninyi ndio mnaamka."

Mwalimu naye alicheka, kisha akamvisha kibao. Tangu siku hiyo Mabula alitusalimu mwadila kila asubuhi, hata tulipokuwa watu wazima wenye mishahara, naye hakujali anacheka nani.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupanga madaraja ya pamba kwenye ushirika. Siku ya kwanza nilifika nimevaa gauni la kanisani. Mkaguzi mzee aliyekuwa anifundishe aliniangalia, akaniambia nikunje mkono wa gauni na kuingiza mkono kwenye lundo hadi kwenye kiwiko. "Juu ya lundo ni uso wa mkulima," alisema. "Wewe kamwangalie tumboni." Pamba safi iliyokauka ni baridi ndani. Iliyolowa, au iliyonyunyizwa maji ili ipate uzito, hupata joto kama mtu mwenye homa, na mkono ukiutoa unanukia mbegu zinazoanza kuoza. Hiyo tuliiita fifi na kuitenga. Baada ya msimu mmoja ningeweza kutofautisha safi na fifi nimefumba macho. Ni ujuzi ambao leo haumfai mtu yeyote, lakini siwezi kuutupa.

Kutoka hapo nilihamishiwa chumba cha redio kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, nje kidogo ya Bariadi. Ilikuwa redio ya upepo, ile ya kuongea na kusikiliza, iliyotumia betri za lori na waya uliofungwa kati ya mikaratusi miwili. Vituo vya kununulia pamba vilitawanyika wilayani, kila kimoja na namba yake. Kila asubuhi niliviita kwa zamu: Moja, Mbili, Tatu, hadi mwisho. Kila kituo kilinitajia pamba iliyo ghalani, nami nikampelekea meneja ili apange malori.

Aliyenifundisha redio ni Mabula, ambaye alikuwa amenitangulia kwenye kazi hiyo. Alinifundisha nibonyeze kitufe, nivute pumzi moja, ndipo niongee, la sivyo neno la kwanza hukatika. Alinifundisha pia nikishasema "ova" ninyamaze kwelikweli. "Watu wanaogopa ukimya," aliniambia. "Wanaujaza maneno, halafu wanalalamika kwamba mwenzao hakujibu." Ushauri huo bado ni mzuri kwenu mnaohoji wageni.

Baadaye alipewa kituo cha Saba, mbali, baada ya mbuga, karibu na njia ya kwenda Lalago. Ulikuwa udongo mweusi ambao mvua ikinyesha lori hukaa humo mpaka lisahaulike. Kila asubuhi alifungua kwa maneno yaleyale: "Mwadila, Ng'wana Luhende. Saba nakupata." Luhende ni baba yangu, na kwetu mtu huitwa kwa baba yake. Vituo vyote vilimsikia. Wengine walimjibu kwa matani, na mimi nikalazimika kuwakemea waache kujaza hewa.

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi walifika na malori yao, wakatundika mizani kwenye matawi, wakanunua safi na fifi kwa pamoja bila kuingiza mkono popote. Sisi wapanga madaraja tuliangalia kama watu wanaoangalia mgeni akila na maganda. Ushirika ukaishiwa nguvu, vituo vikaanza kufungwa kimoja kimoja.

Zamu ya Saba ilipofika, lori lilipelekwa kuchukua pamba ya mwisho na redio. Mabula aliifunga redio kwenye kasha lake, akalipandisha, akamwambia dereva atangulie. Yeye angefunga ghala na kufuata kwa baiskeli. Dereva alifika. Mabula hakufika.

Tulimtafuta. Baiskeli ilikutwa imeegemezwa kwenye ukuta wa ghala, magurudumu yana upepo, kufuli la ghala limefungwa na lakiri yetu juu yake. Ufunguo haukuonekana. Vijana wa jirani walipita mbugani wakiwa wamepanga mstari, wakapata fisi na viatu vya mtu mwingine. Wapo waliosema amekwenda Nassa ziwani kuvua, wapo waliosema ameshindwa kurudi nyumbani bila kazi. Mkewe, Kashinje, aliwasikiliza wote, kisha akauliza swali moja: mtu anayekimbia anaacha baiskeli?

Msimu ukapita. Asubuhi moja nilikuwa naita vituo vilivyobaki. Nilitaka kuruka kutoka Sita kwenda Tisa, kwa sababu Saba na Nane vilikuwa vimefungwa, lakini mdomo ulikuwa umezoea. Nikasema, "Saba, Saba, Bariadi hapa, unanipata? Ova." Nikatambua kosa, nikawa nacheka peke yangu.

"Mwadila, Ng'wana Luhende. Saba nakupata. Ghala limejaa, linasukuma mlango. Leteni gari. Ova."

Sauti ilikuwa tulivu, bila mkwaruzo wowote, kama mtu aliyeketi upande wa pili wa meza. Kisha nikafanya nilichofundishwa: nikabonyeza kitufe, nikavuta pumzi, nikamwomba arudie. Hakurudia.

Niliviita vituo vingine na kuwauliza bila kuwadokezea. Opereta wa Tisa alisema, "Nimekusikia wewe unaita Saba, dada Minza. Nikasema leo umeamkaje."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo ukakaa kimya. Ova."

Nilimwita meneja. Meneja wetu alikuwa mtu wa kupenda maelezo mafupi, na alikuwa nayo tayari. "Ni hao wanunuzi binafsi. Wana redio zao, wanatuchezea."

Lilikuwa wazo la maana. Salamu ya Mabula ilijulikana hewani, na yeyote angeweza kuiiga. Tulilivuta kasha, tukalifungua. Redio ilikuwamo, nyaya zake zimeviringwa, na nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo ndani ya tundu la kuchomekea betri. Meneja aliukwangua ule udongo kwa kalamu, akauangalia, akafunga kasha. "Basi si hii," alisema, jambo ambalo hata mimi nilikuwa nimeliona.

Sauti haikuja kila siku. Ilikuja nikiwa nimeacha kuitegemea, na daima asubuhi, na daima kwa salamu ya mchana. Mara ilitaja pamba, mara ilisema tu inasubiri. Nikiuliza swali lolote nje ya kazi haikujibu. Hatimaye meneja alisema twende tukaone, nadhani kwa sababu alichoka kuniona ninavyomwangalia.

Tulikwenda mchana wa jua kali, meneja, mimi, na Shigela, mlinzi wa getini, aliyechukuliwa kwa ajili ya kuvunja kufuli. Lakiri ilikuwa nzima, imepauka. Shigela alivunja, mlango ukafunguka. Ghala lilikuwa tupu, limefagiwa, kama dereva alivyotueleza. Meneja alipumua na kuanza kuongea habari za chakula.

Mimi niliingia mpaka katikati. Nilikuwa nimekunja mkono wa blauzi bila kufikiri, na nikaunyoosha mbele yangu, hewani. Hewa ya pale katikati ilikuwa na joto lile, la ndani ya lundo, na harufu ya mbegu. Nilisogea hadi ukutani: hewa ya kawaida. Nikarudi katikati: joto. Bati lilikuwa juu yetu na jua juu ya bati, najua. Lakini bati hupasha nyumba nzima.

"Shigela, njoo usimame hapa."

Shigela alisimama mlangoni. "Mimi nimeletwa kuvunja kufuli," alisema. "Limevunjika."

Habari hazikai ofisini. Mzee Ndaki aliniita nyumbani kwake Ngulyati, na nilipofika nilikuta ukoo umekaa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba suala halikuwa la redio. Ndugu zake Mabula walitaka kumaliza msiba. Wangenyoa nywele, wangegawana ng'ombe zake, na Kashinje angeambiwa achague mmoja wa mashemeji awe mume wake, au arudi kwao bila watoto. Alikuwa na watoto watatu, mdogo bado yuko mgongoni. Akiwa mke wa mtu aliye hai, yeye ni mwenye mji. Akiwa mjane, yeye ni sehemu ya mgao.

"Ng'wana Luhende," mzee Ndaki alisema, "hatukukuita kwa ubaya. Huyo unayemsikia ni mtoto wangu?"

"Baba, nasikia sauti. Mtu sijamwona."

"Sauti ni yake?"

"Inafanana na yake. Inanisalimu kama yeye."

"Inakohoa? Mabula pamba ilimwingia kifuani tangu ujana wake."

Sikuwa nimefikiria hilo. "Haikohoi, baba."

Shangazi mmoja, aliyekuwa anapepeta mtama kana kwamba hasikilizi, alisema bila kuinua uso, "Anayekwambia mwadila asubuhi, kwake jua limeshapinduka."

Mdogo wake Mabula, yule ambaye kila mtu alijua ndiye angechaguliwa, alijaribu kuleta mzaha. "Labda kaka kaoa huko hewani."

Wanaume wawili walicheka. Kashinje alikuwa amekaa chini na wanawake, mtoto kwenye titi. "Kama kaoa, shemeji, muulize mahari katoa ngapi," alisema. "Maana wewe unataka kuoa kwa za kwake." Kicheko kikahamia upande wa pili, na mdogo wake Mabula akatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida.

Uamuzi wa mzee Ndaki ulikuwa huu: maadamu mashine inajibu, hakuna atakayenyoa. Ikinyamaza, watamaliza msiba. Akaniangalia mimi, wala si mkwe wake. Kuanzia siku ile nyumba ya mwanamke yule ilining'inia kwenye waya wangu kati ya mikaratusi.

Kashinje alianza kuja kiwandani. Alitoka Ngulyati alfajiri na mtoto mgongoni, akaketi kwenye benchi la chumba changu, akasubiri. Niliita Saba. Kimya. Nilisema "ova" na kunyamaza kama nilivyofundishwa, na tulisikia upepo tu na mtoto akinyonya. Kila alipokuja palikuwa kimya. Siku ambazo hakuja, sauti ilikuja. Nilimweleza ukweli huo, nikaona unavyomuumiza, lakini nisingeweza kumwambia uongo halafu nikawaambia wazee ukweli.

"Basi hanitaki," alisema siku moja.

"Labda hajui kwamba upo."

"Minza, mume wangu alikuwa ananisikia nikikanyaga uani. Atajua."

Kisha ikaja zamu yetu. Kiwanda kilikuwa kinafungwa, na mtambo wa redio umepata mnunuzi ambaye angekuja kuuchukua. Mzee Ndaki alipata habari kabla yangu, nadhani. Alimtuma mtu kuniambia kwamba ukishaondolewa, yeye atahesabu kuwa umenyamaza. Wembe ulikuwa umeshanunuliwa. Mjumbe mwenyewe ndiye aliyenieleza, kama mtu anayesema sukari imepatikana.

Asubuhi ya mwisho Kashinje alikuja bila mtoto, amevaa kitenge kipya. Niliita vituo viwili vilivyokuwa vimebaki, nikawaaga. Kisha nikaita Saba mara tatu. Kimya. Gari la mnunuzi lilikuwa limeshaingia getini.

"Nipe mimi," Kashinje alisema.

Nilimwonyesha kitufe, nikamwambia avute pumzi kwanza.

"Toka nje."

"Hairuhusiwi mtu asiye..."

"Mama, leo wanakufukuza kazi. Watakufukuza mara mbili?"

Nilitoka. Shigela alikuwa amesimama karibu na dirisha, amekuja kuzuia watu wa gari wasiingie mapema. Nilisimama mbali naye kidogo, kwenye kivuli cha ukuta. Nilisikia Kashinje akiongea Kisukuma, chinichini, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Alinyamaza. Ndipo nikasikia mwanamume. Maneno sikuyapata, lakini ilikuwa sauti ya mwanamume, fupi. Kashinje akaongea tena. Kisha akatoka, amejifunga kitenge vizuri, akapita katikati yetu.

"Amejibu?" nilimuuliza.

"Nitawaambia wazee."

Aliwaambia wazee kwamba Mabula amesema asubiriwe, na kwamba ng'ombe wasiguswe. Mzee Ndaki alituita mimi na Shigela, akatuuliza kama tulisikia mwanamume akiongea. Tulisema tulisikia. Hakuuliza zaidi. Wembe ulitumika kwa kazi nyingine. Kashinje alibaki kwenye mji wake, ng'ombe wakasomesha watoto, na mzee Ndaki alipofariki hakuna aliyekuwa na haki ya kutengua neno lake.

Mimi niliendelea na maisha. Niliuza mitumba soko la Bariadi, nikajifunza kwamba shati hukaguliwa kwapani kama pamba inavyokaguliwa tumboni. Nilipima pamba ya mnunuzi binafsi kwa msimu mmoja, nikaacha kwa sababu mkono ulikuwa unawasha kila ninapoona lundo na siruhusiwi kuuingiza. Nilikuwa karani wa kata, kazi ya kuandika mikutano ambamo watu hukubaliana kukutana tena. Mwishowe redio ikafunguliwa hapa mjini, ikatafuta mtu wa kusoma matangazo ya jamii, na nikajikuta tena mbele ya kipaza sauti. Mnakumbuka nilivyokuwa navuta pumzi kabla ya neno la kwanza. Fundi wenu alidhani nina pumu.

Mara mbili katika miaka hiyo mdogo wake Mabula alileta tangazo la kifo cha kaka yake. Mara zote mbili nilimuuliza nani aliuona mwili, na mara zote mbili alilikunja na kuondoka nalo.

Nilipostaafu nilikwenda Ngulyati kumsalimia Kashinje. Ni bibi sasa, ana wajukuu, na meno yake yote. Tulikula viazi na maziwa ya mgando. Nikamuuliza, kwa kuwa hakuna tena ambaye jibu lingemdhuru, siku ile Mabula alimwambia nini.

Alicheka kidogo. "Minza, siku ile hakujibu mtu. Niliongea peke yangu. Nilimwambia mambo yangu, nikangoja kama ulivyoniambia, kukawa kimya, nikamwambia na yaliyobaki. Ya wazee niliyatunga njiani."

"Mimi nilimsikia mwanamume."

"Nilijua utasema hivyo. Nilikushukuru sana. Nilidhani unanisaidia."

Sikubishana naye. Nilikwenda kwa Shigela, ambaye anaishi na binti yake karibu na stendi na bado ana masikio mazuri. Sikumweleza nilikotoka wala nilichoambiwa. Nilimuuliza tu, siku ile ya mwisho pale dirishani, ulisikia nini?

"Nilimsikia Mabula," alisema. "Alimwita mkewe." Akalitaja jina. Silo Kashinje, wala si jina la baba yake. Ni jina ambalo sikuwa nimelisikia kabla.

Nilirudi Ngulyati siku iliyofuata, nikamtajia Kashinje jina lile. Aliweka bakuli chini. Aliniambia ni jina ambalo mumewe alimwita wakiwa ndani, wawili tu, na kwamba hajawahi kumwambia mtu yeyote duniani. Nilimuuliza kama siku ile alijitaja nalo kwenye redio. Alisema hapana. Akaniomba nisiliandike, na sikuliandika. Kisha akaniuliza kama Shigela alisikia na maneno mengine, na nilipokwenda kumuuliza, Shigela alisema yalikuwapo, ila gari la mnunuzi lilikuwa linarudi nyuma kwa kelele.